Rimu Yenye Ufa

Sogea karibu kidogo, maana sauti ninayotaka uisikie si kubwa.

Ukija Mikumi kwa barabara kuu, ukishaiacha mbuga nyuma yako pamoja na nyani wake wanaokaa kando ya lami kama wajumbe wa kikao, utavikuta vibanda vya mafundi wa tairi. Simama hapo kidogo. Fundi akishavua tairi, huinyanyua rimu kwa mkono mmoja ikaning'inia, akaigonga kwa nyundo iliyo mkono wa pili. Rimu nzima hulia ngiii, sauti ndefu inayokwenda mpaka ichoke yenyewe. Rimu yenye ufa haifiki mbali. Husema kwa! ikanyamaza, kama mtu aliyeulizwa swali asilolipenda.

Juzi nilishuka hapo kununua vitunguu, nikaisikia ile kwa! kutoka nyuma ya kibanda, na harufu ya mpira uliounguzwa ikanifikia papo hapo. Mama muuza vitunguu akaniuliza, "Mwalimu, vipi, umeona nyoka?" Nikamwambia hapana, nimemwona baba yangu. Akageuka kumtafuta kwa macho, maskini. Asingemwona. Baba alikwisha kupumzika zamani, na kibanda chake sasa ni cha mtu anayetengeneza simu.

Baba alikuwa fundi tairi, na aliamini chuma kuliko alivyoamini watu. Dereva akimwambia, "Fundi, rimu hii nzima, nimenunua juzi," baba hakubishana. Aliigonga, wakasikiliza wote wawili, basi. "Chuma hakina adabu," alikuwa akisema, "ndiyo maana kinasema kweli." Sikumbuki msemo mwingine wowote alioupenda kiasi hicho, wala sidhani kama wakati ule alijua jinsi ulivyomhusu.

Maana nyumbani kwetu palikuwa na adabu nyingi.

Mama yangu alishona nguo barazani. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu, na mlio wake ndio uliokuwa saa yetu ya asubuhi. Siku moja, nikiwa darasa la sita, nilirudi kutoka shule nikakuta baraza kimya. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono haijaoshwa mafuta. Akaniambia, "Debora, mama yako amekwenda Tanga. Mama mkubwa anaumwa, hana wa kumuuguza. Akipata nafuu, atarudi."

Nikasema, "Haya, baba."

Nilitazama mahali cherehani ilipokaa siku zote. Haikuwapo; palikuwa na alama za miguu yake ya chuma kwenye sakafu, safi, hazijaingia vumbi bado. Hata mtoto wa darasa la sita anajua kwamba hakuna mtu anayekwenda kuuguza mgonjwa akabeba cherehani. Lakini mzazi akishasema, mtoto huitikia haya. Nikaitikia, na kesho yake nikapafagia pale pale.

Tangu hapo tukaanza, mimi na baba, kumuuguza mama mkubwa wa Tanga. Kila likizo niliuliza, "Baba, mama mkubwa anaendeleaje?" naye alijibu, "Namshukuru Mungu, bado kidogo tu." Nadhani mgonjwa huyo alikuwa mzima kuliko sisi wote wawili. Kila Krismasi kondakta wa basi aliniletea furushi kutoka kwa mama, na ndani yake gauni jipya lenye malinda yaliyonyooka kama mistari ya daftari. Kila mwaka lilinibana kwapani. Mama alilishona kwa vipimo vya mtoto aliyemwacha, akiongeza kidogo kwa kukisia, na mimi nilikuwa narefuka kuliko makisio yake. Nililivaa hivyo hivyo kanisani, nimebana pumzi, na baba alikuwa akisema, "Limekupendeza," akitazama pembeni.

Nilipofaulu kwenda sekondari nikapelekwa Kilosa, kwa Shangazi Ana, dada yake baba, aliyekuwa akikaa jirani na reli. Basi la kutoka kwetu Mikumi kwenda Kilosa hupita kijiji kiitwacho Ulaya, na kila mwanafunzi wa Mikumi ametamba kwamba yeye huenda Ulaya na kurudi kila likizo. Ulaya yetu ililima mahindi, na basi lilikwama huko kila masika.

Huko Kilosa ndiko nilikokutana na Ulaya ya pili, ile ya kwenye vitabu.

Kidato cha tatu tulifundishwa fasihi ya Kiingereza na Madamu Koku, mwanamke mwembamba aliyetoka Bukoba, mwenye sauti ya chini iliyotulazimisha kunyamaza ili tuisikie. Tulikuwa na tamthilia moja ya kale ya kusoma mwaka ule. Nakala zilikuwa chache, tukisoma kwa makundi, vichwa vimegusana, na hakuna nakala hata moja iliyokuwa na jalada. Mpaka leo sina uhakika wa jina la mchezo ule. Sisi tuliuita Kengele.

Kiingereza chake kilikuwa kigumu. Kilikuwa na maneno ambayo hata kamusi ya shule haikuyajua. Siku ya kwanza tulitoka darasani tumenuna. Siku ya pili Madamu akaingia bila chaki, akakaa juu ya meza.

"Kiingereza hiki," akasema, "ni babu wa kile mnachokijua. Sasa ninyi mkimwona babu mnakimbia? Msalimieni. Kaeni naye. Msipomwelewa neno moja, mtamwelewa uso."

Akatuonyesha namna ya kukaa naye. Hakutaka tuanze na maneno magumu. Kwa kila ukurasa alituuliza jambo moja tu: nani hapa anataka nini, na nani anamzuia? Tukishalijibu, maneno yenyewe yalianza kulegea, moja baada ya jingine, kama fundo ulilopata ncha yake. Mpaka leo nikiingia darasani kwangu huanza na swali hilo hilo, na bado halijaniangusha.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Mzee mmoja, mfua kengele katika mji mdogo wenye baridi, ameagizwa kengele kubwa kwa ajili ya sikukuu. Siku ya kuitundika anagundua ina ufa mwembamba kama unywele. Anauziba kwa nta, ananyamaza. Hakuna anayejua, isipokuwa binti yake, aliyekulia karakanani na anayeusikia ufa ndani ya sauti. Katika onyesho la mwisho mji mzima umekusanyika, mzee anaapa kwamba kengele ni nzima, na binti anasimama mbele ya watu wote na kumwambia: "Baba, unasema uongo."

Darasa lilipofika hapo likalipuka.

"Madamu, huyu binti hana adabu!" alisema Zuhura, rafiki yangu, aliyekuwa akikaa dawati la mbele. "Si angemwita baba yake pembeni?"

"Hata pembeni hapana," alisema Shija kutoka nyuma. "Angemtuma mjomba. Mambo kama haya yana mjomba wake. Mjomba angekuja jioni, wakala, wakanywa chai, ndipo angesema, shemeji, nasikia kengele ina mafua."

Tulicheka mpaka madawati yakasogea. Kisha tukakubaliana, darasa zima, kwamba mwandishi alikuwa amesahau kumweka mjomba. Lilikuwa kosa la wazi. Tulimwonea huruma.

Madamu naye alicheka, akajifuta macho. Kisha akasema kitu ambacho nimewaambia wanafunzi wangu kila mwaka. "Angekuwapo mjomba, mchezo ungeishia mapema. Tamthilia ni mahali ambapo mjomba hayupo. Wamebaki wawili, na neno lipo katikati yao, na hakuna wa kutumwa."

Sikucheka tena baada ya hapo. Nilikuwa nimeiona baraza yetu, kigoda, na alama za cherehani.

Madamu alitaka tuigize onyesho lile la mwisho siku ya wazazi, katika bwalo la chakula. Shija akapewa nafasi ya mzee mfua kengele kwa sababu ya urefu wake na sauti iliyokwisha kuvunjika. Ya binti nikapewa mimi. "Unasoma kama mtu anayesikiliza," Madamu aliniambia, na sikujua kama ni sifa. Nilitaka nafasi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu shuleni. Nilitaka nisikie maneno yale yakitoka kinywani mwangu, hata kama ni kwa lugha ya watu na kwa baba wa kuazima.

Lakini hayakutoka.

Shija alikuwa amejitengenezea ndevu za katani. Babu yake alikuja kutoka Tabora kukata mkonge katika mashamba ya Kimamba, na katani haikukosekana kwao. Alizivaa ndevu zile nyeupe, ndefu, zinazonuka mkonge mkavu, akavaa na koti la babu yake, akainamia fimbo. Mimi nikaingia jukwaani kwa hasira kama nilivyoelekezwa, nikafika mbele yake, goti likapinda lenyewe, nikasema, "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," akajibu Shija, kwa uzito wote.

Bwalo likaanguka kwa kicheko. Tukarudia. Goti likapinda tena. Nikajifunza kulizuia goti, basi sauti ikapotea. Nilifika mbele ya ndevu zile, nikafungua kinywa, maneno ya Kiingereza niliyoyakariri njiani, kisimani na kitandani yakakaa kooni kama mfupa wa perege. Zuhura alikuwa ameyajua pia, akiyasema kwa ulaini mbele ya kioo cha bweni. Nilimwona Madamu akimtazama Zuhura.

Kilichoniokoa kwenye mazoezi kilikuwa foleni ya makande.

Yakupasa ujue kwamba mimi ni Msagara na Shija ni Mnyamwezi, na watu hawa ni watani tangu wakati wa misafara ya mizigo kwenda pwani. Mtani wako hukutukana hadharani, hukunyang'anya chakula, huja msibani kwenu akafanya vituko, na wewe huruhusiwi kukasirika. Ni ndugu aliyepewa kibali cha kukusema. Mchana ule Shija alinikuta kwenye foleni, akainua bakuli langu.

"Msagara wangu, lete hapa. Babu zako walimuuzia babu yangu maji ya Mto Mkondoa. Maji ya Mungu! Leo nalipiza kwa maharage."

"Mwongo mkubwa wewe," nikamjibu, nikimpokonya bakuli. "Babu yako alikunywa mto mzima, akaondoka bila kuaga, na mzigo wa watu akautupa Rudewa. Mwongo, mwana wa mwongo, na hizo ndevu zako za kamba ni za uongo!"

Madamu Koku alikuwa amesimama mlangoni. Akanisubiri nimalize kula, akaniita. "Debora, huyu umemwita mwongo mara ngapi sasa hivi?"

"Yule ni mtani, madamu. Ndiyo ruhusa yake. Kule jukwaani ni baba."

Akawaza. Kwao Bukoba mambo haya yana sura nyingine, akataka nimweleze yote, na alisikiliza kama alivyotufundisha kusikiliza. Mwisho akasema, "Basi anzia pale unapoweza. Leo mwambie kwa Kiswahili, kwa utani, mkicheka. Kesho kwa Kiingereza, mkicheka. Keshokutwa kicheko kipungue."

Tukafanya hivyo, nyuma ya bwalo, na wiki ilipoisha nilikuwa nimelisema neno lile bila kicheko wala goti. Hapo ndipo Madamu aliponipa fundisho la pili, ambalo lilikuwa gumu kuliko la kwanza. Nilikuwa nikishalisema nakimbilia kuongeza: mkono, hatua, kikohozi, chochote. Akanizuia. "Neno zito halihitaji msindikizaji. Sema, kisha nyamaza. Liache lifike. Anayepaswa kujibu ni yeye."

Ilibaki kengele. Tulihitaji kitu chenye sauti ya ufa, na kila mtu alijua baba yangu ana kazi gani. Likizo fupi nikapanda basi, nikapita Ulaya, nikafika Mikumi.

Baba alikuwa amechuchumaa, akipaka gundi kwenye kiraka. Nikamwamkia, akaitikia, nikamweleza nimefuata nini. Akauliza mchezo wenyewe unasema nini. Nikamsimulia huku nikitazama kiraka.

"Mzee anajua ina ufa?" aliuliza.

"Anajua, baba."

"Na anasema ni nzima."

"Ndiyo."

Akapuliza gundi ikauke. Gari la mizigo likapita barabarani, kibanda kikatetemeka, vumbi likatulia.

"Nani anamwambia?"

"Binti yake."

"Na huyo binti ni nani?"

"Ni mimi, baba."

Akainuka. Nyuma ya kibanda kulikuwa na rundo la rimu mbovu, za magari ya kila aina. Akaanza kuzigonga, moja baada ya nyingine, akiinamisha sikio. Nyingine nilidhani zinafaa sana. "Hii bado inaficha," alikuwa akisema, akaiweka chini. Hatimaye akapata moja ya gari dogo, ndogo, yenye kutu, akaigonga, ikasema kwa!, kavu, kama mlango uliofungwa kwa mguu. "Hii," akasema. "Hii hata kiziwi ataielewa." Kisha, akiwa amenipa mgongo: "Nitaileta mwenyewe siku ya wazazi. Ni nzito kwako."

Usiku ule nilitamani Zuhura apewe nafasi yangu. Sasa unaona nilikuwa nimesimama wapi. Nilijifunza kumwambia Shija, na Shija alikuwa mtani. Baba angekaa pale bwaloni, na ningemwambia mzee mwingine maneno ambayo hayakuwa ya mzee mwingine. Nikinyamaza, nawaangusha Madamu na wenzangu. Nikisema, namvua nguo baba yangu mbele ya Kilosa nzima, naye atakuwa amenibebea rimu kwa basi. Niliporudi Kilosa nilimweleza Shangazi Ana kwa kuzunguka zunguka, nikisingizia kwamba ni mambo ya mchezo tu. Alikuwa akichambua mchele. Akasema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua," akaendelea kuchambua. Nilidhani anazungumzia kengele.

Siku ya wazazi bwalo lilijaa. Waliketi wakulima kutoka milimani na wafanyabiashara wa sokoni, akina mama wa vitenge na masheikh wawili wa heshima, na wadogo zetu wamerundikana chini mbele kabisa. Rimu ilining'inia kwa kamba kutoka kwenye boriti. Baba alikuwa ameifunga mwenyewe asubuhi, akaijaribu kwa kucha tu, akaenda kukaa benchi la kwanza akiwa na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama.

Shija alipoingia na ndevu zake, watoto wote wa mbele waliinuka kwa pamoja: "Shikamoo, babu!" Naye, baada ya majuma ya mazoezi, akajisahau. "Marahaba, wajukuu zangu!" Watu wakapiga makofi. Mama mmoja akasema kwa sauti, "Angalau huyu Mzungu ana malezi." Mchezo ukaanza katika furaha hiyo, na wengi hawakuelewa Kiingereza, lakini Madamu alikuwa sahihi: waliuelewa uso.

Kisha ikafika. Shija akachukua nyundo, akaigonga rimu. Kwa! Bwalo zima likashtuka. Mzee akainua mkono, akaapa kwamba kengele ni nzima. Mimi nikatoka kwenye kundi la watu wa mji, nikasimama.

Nilimwona Madamu upande wa pazia la khanga. Hakuninong'oneza mstari wangu. Alikuwa ameweka kidole mdomoni. Nilimtazama Shija, nikatafuta ile foleni ya makande usoni mwake, nisiione. Niliona ndevu tu. Nyuma ya bega lake kulikuwa na shati jeupe. Baba hakuwa akitazama rimu wala Shija. Alikuwa akinitazama mimi, mikono juu ya magoti, kama mtu aliye kwenye kiti cha kinyozi, aliyekwisha kukubali wembe upite.

Nikasema. Kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini kama ya Madamu, bila goti. Kisha nikanyamaza.

Kimya kile ungekisikia mpaka kwenye vigae vya paa. Shija alipaswa kukiacha kidogo, kisha ajibu. Lakini kabla hajafungua kinywa, sauti ilitoka benchi la kwanza, kwa Kiswahili, wala haikuwa kubwa.

"Ni kweli, mwanangu."

Watu wakageuka. Wengine wakaanza kucheka, wakidhani mzee amenogewa na mchezo. Nilijua kwamba kicheko kile kikikua, kitamla baba akiwa hai, maana alikuwa bado amenyoosha shingo, akiningojea, hana hata habari kwamba yuko bwaloni. Hapo Shija akapiga hatua hadi ukingoni mwa jukwaa, akamnyooshea fimbo.

"Mzee wa Kisagara! Hata uongo wangu unataka kuuchukua wewe? Mlianza na maji ya mto, leo mmefika kwenye kengele! Kaa utulie, kila mtu na ufa wake!"

Bwalo likavunjika mbavu. Baba naye akacheka, akajifuta uso kwa kiganja, akamjibu kwa sauti, "Nimekusikia, mtani. Endelea na wako," na watu wakapiga makofi tena, sasa kwa ajili yao wote wawili. Shija akarudi kwa binti yake na kwa Kiingereza chake cha kale, akakiri ufa wake mbele ya mji, akalia mpaka ndevu zikalegea upande mmoja. Mchezo ukaisha salama.

Baba hakutaka rimu ibebwe na wanafunzi. Tuliibeba sisi wawili, yeye upande huu, mimi upande ule, tukishuka kuelekea kwa shangazi, jua bado liko juu na baiskeli zikitupita kwa kengele zao. Ukibeba kitu kizito na mwenzio, hamtazamani. Kila mtu anatazama njia. Tulipofika karibu na reli, baba akasema:

"Mama yako hauguzi mtu."

"Najua, baba."

"Hataki kurudi. Alinieleza siku ile ile, nikakubali. Nikasema nitakwambia ukikua kidogo. Halafu ukakua." Akabadilisha mkono. "Ulijuaje?"

"Cherehani."

Akasimama, nami nikasimama, rimu katikati yetu. Kisha akaanza kucheka, kicheko kirefu kilichokwenda mpaka kikachoka chenyewe. "Cherehani," akasema. "Mimi fundi mzima, nikasahau cherehani."

Likizo iliyofuata alinipandisha basi la Tanga. Mama alinipokea kituoni, akanishika mabega. Kisha akatoa utepe wa kupimia shingoni mwake pale pale, katikati ya watu. Gauni la Krismasi ile lilinikaa.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba siku ile nilikuwa jasiri, na kwamba Shija alikuwa mcheshi aliyeropoka. Sasa nimefundisha tamthilia kwa muda mrefu, nimeona watoto wengi wakisimama mbele ya neno moja, na ninamwona Shija tofauti. Alikuwa amemsikia mtu mzima akivuja mbele za watu, akatumia kibali alichopewa na babu zake kumfunika. Ule utani ulikuwa shuka. Tulikutana naye mwaka jana katika stesheni mpya ya treni, ana mvi za kweli, nikamuuliza. Akanijibu, "Msagara, mnatusumbua tangu enzi za misafara," akanipokonya chupa ya maji.

Na baba ninamwona tofauti zaidi ya wote. Nilidhani nilimvizia. Lakini aliuliza binti ni nani, nikamwambia. Aligonga rundo zima akitafuta rimu ambayo hata kiziwi angeielewa. Akaibeba mwenyewe kwa basi, akaitundika kwa mikono yake, akachagua benchi la mbele. Baba yangu hakushtukizwa. Alikosa namna ya kuanza, hakukuwa na mjomba, na alikuja Kilosa ili aambiwe.

Kwa hiyo nikuachie alichoniachia Madamu Koku, maana huenda nawe una neno limekukaa kooni, na huenda mwenye kulisikia amekaa benchi la mbele anangoja. Mtafutie kazi ya mikono mtakayofanya pamoja, msitazamane. Sema, kisha nyamaza.